Nani Alichimba Mapango ya Elgon?

Desemba 1883, msafara wa watu wa pwani ulitoka Kwa Sundu, mji ambao leo twauita Mumias, ukashika njia ya kaskazini kuelekea mlima Elgon. Kiongozi wake alikuwa Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 25 aliyetumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Kwenye mteremko wa kusini, ambao sasa umo katika Kaunti ya Bungoma, Thomson aliingia kwenye pango kubwa, akakuta humo vibanda vya watu pamoja na ng'ombe wao, na nyuma ya vibanda giza ambalo hakuona mwisho wake.

Akawauliza wenyeji ni nani aliyelichimba. Wakamjibu kuwa hiyo ni kazi ya Mungu. Walimwonyesha vishoka vyao vidogo na kumuuliza vifaa kama hivyo vingewezaje kutoboa mwamba kiasi kile. Thomson hakuridhika. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1885 alishikilia kuwa mapango hayo yalichongwa kwa mikono ya binadamu, tena binadamu wa taifa lenye nguvu lililokwisha kupita, wakitafuta vito au madini. Akafika hadi kujiuliza kama Wamisri wa kale walipata kufika huku.

Nimeifuata njia hiyo kutoka uwanda wa miwa wa Bungoma, nikapanda kupitia Kimilili hadi Kapsokwony, kisha nikauzunguka mlima na kutokea Kitale, ambako barabara ya Endebess huelekea lango la Chorlim la Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon. Swali nililokwenda nalo ni lile lile lililomkuta Thomson mlangoni mwa pango: mtu akikuletea dai, au likizaliwa kichwani mwako mwenyewe, utake ushahidi kiasi gani kabla ya kuliamini?

Tuzipime hatua za hoja yake. Kwanza, mwamba ni mgumu na yeye haoni nguvu ya asili iliyoweza kuutoboa. Basi ni kazi ya watu. Pili, hawa wanaoishi humu hawana zana za kazi hiyo. Basi ni watu wengine. Tatu, watu wa kale anaowajua kwa kuchonga miamba ni Wamisri. Basi huenda ni wao. Hakuwa na patasi ya Mmisri mkononi, wala kigae, wala andiko ukutani. Kila hatua iliegemea jambo asilolijua, na kutojua chanzo cha kitu hakuwezi kuwa ushahidi wa chanzo kingine.

Wakati huo hoja za namna hiyo zilikuwa nyingi. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch aliyaona magofu ya Zimbabwe Kuu akayahusisha na Malkia wa Sheba. Ilibidi wachimbuaji wa mambo ya kale, David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, wafukue ardhi na kuonyesha kuwa waliojenga ni Waafrika wa hapo hapo. Dai linalolingana na dhana tuliyokuja nayo kutoka nyumbani hupita kwa ushahidi haba. Neno la mwenyeji hudaiwa ushahidi maradufu, na mara nyingine halisikilizwi kabisa.

Jibu la Elgon linaonekana vizuri katika pango la Kitum, upande wa Trans Nzoia, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Pango hilo linaingia mlimani kiasi cha mita 200. Kuta zake zimejaa mikwaruzo mirefu, na humo ndani, mahali ambapo huoni kitu bila tochi, kuna kinyesi cha tembo. Elgon ni volkano ya kale sana, na majivu yake yaliyogeuka mwamba yana chumvi ya sodiamu. Mlimani mvua ni nyingi, nayo huisafisha chumvi kutoka kwenye udongo, hivyo majani yanayoliwa na wanyama huwa na chumvi kidogo. Tembo huingia pangoni usiku wakipapasa njia kwa mikonga, wakabandua vipande vya ukuta kwa pembe zao, wakavisaga kwa magego na kuvimeza.

Je, mikwaruzo ile peke yake ingetosha kuthibitisha hayo? La. Sururu ya chuma nayo huacha alama kwenye mwamba, na Wasabaoti, wenyeji wa mlima huu, walichimba chumvi katika mapango haya kwa ajili ya mifugo yao. Kinyesi peke yake nacho kingeonyesha tu kuwa tembo huingia, labda kujikinga na baridi. Nguvu ya dai inatokana na ushahidi wa aina mbalimbali, usiotegemeana, unaoelekea mahali pamoja: upana wa alama, kemia ya mwamba, ushuhuda wa wakazi, na picha ambazo mwanabiolojia Ian Redmond alizipiga miaka ya 1980 baada ya kukesha pangoni akiwangoja tembo. Hata hivyo dai lenyewe, kwamba tembo ndio waliochimba, lilibidi lipunguzwe ukubwa. Wanajiolojia waliochunguza mapango hayo wameona kuwa maji ndiyo yaliyoyaanzisha, kisha tembo na watu wakayapanua. Thomson alipatia kidogo aliposema mikono ya watu ilihusika. Alichokosea ni kuwafuta watu waliokuwa mbele yake na kuwaweka mahali pao wageni ambao hakuwa na dalili yao hata moja.

Pango hilo hilo la Kitum lilileta swali la pili, zito zaidi, na chanzo chake kiko Bungoma. Januari 1980 Mfaransa wa miaka 56, mhandisi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, aliugua na kufariki Nairobi kwa homa ya Marburg. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, miongoni mwa wafanyakazi wa maabara walioshika tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Daktari Shem Musoke, aliyemhudumia mhandisi huyo, aliambukizwa, akapona. Siku chache kabla ya kuugua, mhandisi alikuwa ametembelea Kitum. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki wa miaka 15 alikufa kwa ugonjwa huo huo, naye pia alikuwa ametoka kutembelea pango hilo.

Watu wawili katika miaka saba, na mahali pamoja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Wageni wengi sana waliingia Kitum katika miaka hiyo wakatoka salama. Mwaka 1988 watafiti wa Kenya na Marekani waliingia wakiwa wamevaa mavazi ya kinga, wakanasa popo, panya na wadudu, wakawapima. Virusi hawakuvipata. Mtu mwenye haraka angesema dai kwamba virusi vimo pangoni limekufa. Kumbe kutafuta na kukosa kuna uzito kulingana na jinsi ulivyotafuta: ikiwa ni popo wachache tu katika kundi kubwa wenye virusi kwa wakati mmoja, sampuli zako zote zinaweza kuwa za wazima.

Mwaka 2007 wachimba madini waliugua Marburg katika mgodi wa Kitaka, kusini magharibi mwa Uganda. Safari hii wanasayansi walivipata virusi vikiwa hai ndani ya popo walao matunda wanaoishi mgodini humo, jamii ile ile inayoishi katika mapango ya Elgon. Mwaka huo huo alama za virusi hivyo zilipatikana katika popo wa jamii hiyo nchini Kenya. Dai lililokuwa mashaka kwa miaka 27 likapata miguu.

Je, watu wangengoja miaka hiyo yote ndipo wavae glavu? Hapa ndipo nilipolipata jibu la swali langu. Mwaka 2017 Marburg ilizuka wilayani Kween, upande wa Uganda wa mlima huu huu, katika familia moja. Wa kwanza kufa alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango lenye popo wengi, kisha wakafa dada yake na kaka yake. Wagonjwa hao watatu hawakuandikwa kwa namna moja. Wawili waliandikwa kuwa wamethibitishwa, kwa sababu maabara ilipima damu yao. Mwindaji aliandikwa kuwa yaelekea aliugua Marburg, kwa kuwa alizikwa kabla sampuli haijachukuliwa. Katika ngazi ya chini kabisa wako wanaoshukiwa. Kila ngazi ina kiasi chake cha ushahidi na kazi yake: kushuku kunatosha kumtenga mgonjwa na kuvaa glavu, ila hakutoshi kuandika katika vitabu vya tiba kwamba jambo limethibitika.

Kwa hiyo kiasi cha ushahidi hakiwi kimoja kwa madai yote. Kinapimwa kwa hasara itakayokupata ukiamini uongo, na hasara itakayokupata ukikataa ukweli. Mgeni akivaa barakoa Kitum bure, amepoteza pesa kidogo. Asipovaa na dai likawa kweli, hakuna fidia. Kuhusu Wamisri wa Thomson hakuna aliyekuwa taabani akisubiri jibu, naye alikuwa na nafasi yote ya kungoja, kuuliza tena na kuandika kwamba swali bado liko wazi.

Kuna hatari nyingine, nayo huwapata hata walio na ushahidi mzuri. Kitaka ilipothibitika kuwa popo wana virusi, watu waliwaangamiza popo wa mgodini. Dai moja la kweli lilichukuliwa kuwa limethibitisha la pili, kwamba ukiua popo umeua ugonjwa. Mwaka 2012 Marburg ilirudi katika eneo hilo, na popo waliohamia upya mgodini walipopimwa, asilimia 13.3 walikuwa na virusi, ilhali kabla ya maangamizi walikuwa asilimia 5.1. Kila dai lina deni lake la ushahidi, na deni hilo halilipwi na dai la jirani.

Katika masoko ya Bungoma na stendi ya Kitale habari hufika kwa simu kwa kasi kuliko gari: dawa mpya ya kisukari, chanjo inayosemwa vibaya, mchawi aliyetajwa jina. Lisemwalo lipo, hujibu wengi. Mimi nasema lisemwalo liulizwe kwanza. Nani alikuwepo? Kuna ushahidi wa aina ya pili usiotegemea wa kwanza? Tungeona nini kama dai lingekuwa si kweli, na je, tumekwenda kukitafuta? Ataumia nani tukikosea? Pale ambapo kuamini kunaweza kumfukuza mtu kijijini au kumtoa roho, tudai ushahidi mwingi kabisa. Pale ambapo tahadhari ni barakoa na maji ya kunawa, tusidai mwingi. Na wanaoishi juu ya mlima wasikilizwe kabla ya Wamisri kuitwa kutoka mbali.