Sumu Inayojiwekea Akiba Mwilini

Askari hufundishwa tangu mwanzo wa mafunzo yake kwamba adui anayekuja kwa kelele ana nafuu kuliko anayeingia mmoja mmoja usiku, akajichanganya na raia, akakusanya nguvu kidogo kidogo, hata siku ya kujitokeza akakutwa amekwisha kuizunguka kambi. Hivyo ndivyo zilivyo baadhi ya kemikali za viwandani na mashambani. Hazimwangushi mtu siku anapozinusa au kuzila. Huingia mwilini kwa kiasi kidogo mno, zikakaa, zikangojea wenzake. Yafaa historia yake ijulikane kwa walinzi wa nchi, maana imewagusa wao mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mji wa Bujumbura wenyewe ulizaliwa kambini. Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi mahali palipoitwa Usumbura, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji waliuteka mwaka 1916 na kuufanya makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 ukaitwa Bujumbura na kuwa mji mkuu wa Burundi. Na hata baada ya Gitega kufanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, umebaki kuwa moyo wa biashara na viwanda. Viwanda vya pombe, sabuni na nguo viliwekwa bondeni, karibu na bandari. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kutoka milimani, ikapita katikati ya makazi ya watu, ikaishia ziwani. Na sehemu kubwa ya maji yanayonywewa mjini hutolewa katika ziwa hilo hilo. Kinachotupwa mtoni asubuhi kina njia fupi ya kurudi mezani.

Hapana budi kutofautisha uchafu wa aina mbili. Upo uchafu unaooza: mabaki ya nafaka, maji ya chooni, maganda. Huo huleta harufu na maradhi kama kipindupindu, lakini vijidudu vya udongo na maji huula ukaisha. Upo uchafu mwingine usioliwa na kitu chochote. Humo zimo metali nzito, kama risasi na zebaki, na kemikali zilizotengenezwa na binadamu kwa namna ambayo jua, mvua wala vijidudu haviwezi kuzivunja upesi. Uchafu huu wa pili ndio unaojenga akiba.

Mfano ulio maarufu ni DDT. Kemikali hii ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1874, lakini nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa mwaka 1939 na Mswisi Paul Müller, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Majeshi ndiyo yaliyoitangaza. Katika majira ya baridi ya 1943 na 1944, mji wa Naples nchini Italia ulipovamiwa na homa ya tifasi inayoenezwa na chawa, majeshi ya Washirika yaliwapulizia unga wa DDT watu zaidi ya milioni moja, na maradhi yakazimwa. Askari walipuliziwa ndani ya nguo zao. Hakuna aliyeanguka, kwa hiyo ikasemwa kwamba dawa hii inaua wadudu tu. Vita vilipokwisha, dawa ile ikaingia mashambani duniani kote, hasa katika kilimo cha pamba. Bonde la Ruzizi, linalopakana na Bujumbura, ni bonde la pamba, nalo humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika.

Kosa la wakati ule lilikuwa katika kipimo. Watu walitazama nani ameugua leo, wala hawakutazama kilichobaki mwilini kesho. DDT haiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Figo hutoa mwilini vitu vinavyoyeyuka majini, kwa njia ya mkojo. Kinachoyeyuka katika mafuta hukwepa mlango huo na kujificha katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Mwaka 1951 wataalamu nchini Marekani walitangaza kwamba wameikuta katika maziwa ya akina mama ambao hawakuwa wafanyakazi wa viwanda wala wapulizaji dawa. Walikuwa wamekula tu chakula cha kawaida.

Ziwani mambo huzidi. Katika ziwa la Clear Lake, jimbo la California, dawa iliyo ndugu wa DDT ilimwagwa mwaka 1949, kisha 1954 na 1957, ili kuua visubi. Kipimo kilikuwa sehemu 0.02 tu katika kila sehemu milioni ya maji, kiasi kilichohesabiwa kuwa si kitu. Baadaye ndege walao samaki walianza kufa. Mafuta yao yalipopimwa yalikutwa na sehemu 1,600 katika kila milioni, yaani mara 80,000 ya kile kipimo cha majini. Hakuna aliyewalisha ndege wale sumu. Vijimea vidogo viliifyonza katika maji. Vidudu vikala vijimea vingi. Samaki wadogo wakala vidudu vingi. Samaki wakubwa wakala wadogo. Na ndege akala hesabu yote iliyokusanywa chini yake. Katika kila ngazi chakula husagwa na kutumika, lakini sumu hubaki.

Ngazi hiyo ipo pia katika Ziwa Tanganyika. Ndagala hula vidudu vinavyoelea majini. Mukeke na sangala hula ndagala. Mtu hukaa juu ya ngazi yote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1976 ulikuta mabaki ya dawa za jamii ya DDT katika samaki wa ziwa hili, na mwingine uliochapishwa mwaka 2002, uliopima samaki wa upande wa Burundi, ukayakuta tena. Habari hii si ya kumfanya mtu aache samaki. Ndagala ni samaki mdogo, maisha yake ni mafupi, amekaa karibu na chini ya ngazi, na ni lishe bora ya kaya nyingi. Ni habari ya kuonya kwamba mlango upo wazi, na kwamba kinachomwagwa shambani hufika kwenye sahani.

Tena ziwa hili lina tabia yake. Kina chake hufika mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Mito mingi huingia, lakini mto unaotoa maji nje ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi hupotea kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui metali. Wataalamu hukadiria kwamba maji hukaa humo kwa wastani wa miaka 400 na zaidi. Mto uliochafuliwa waweza kujisafisha baada ya masika machache. Ziwa la namna hii huweka kumbukumbu ya vizazi.

Jinsi akiba hiyo inavyolipwa, ulimwengu ulijifunza Minamata, nchini Japani. Huko kiwanda cha kemikali cha Chisso kilianza mwaka 1932 kutumia zebaki na kumwaga mabaki yake katika ghuba ya wavuvi. Kwa miaka zaidi ya ishirini bahari ilionekana salama. Kisha paka waliokula samaki wakaanza kuyumbayumba na kufa. Na mwezi Mei 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi kwa binadamu: kutetemeka, kufifia kwa macho, kushindwa kutembea. Watoto walizaliwa na vilema kutoka kwa mama walioonekana wazima, maana zebaki ilivuka kutoka damu ya mama hadi kwa mtoto tumboni. Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikwisha kutaja zebaki kuwa chanzo. Hata hivyo umwagaji haukukoma mpaka mwaka 1968. Miaka tisa ilipotea kati ya kujua na kuzuia.

Lipo pia jambo linalomhusu askari kwa jina lake. Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa chuma cha bunduki na kwa metali inayotengenezewa chuma hicho. Risasi ya aina zote mbili huua, ila ya pili haina mlio. Mwili huidanganyikia risasi kuwa ni chokaa ya kujengea mifupa. Katika damu hukaa wiki kadhaa, lakini katika mifupa hukaa miongo ya miaka. Mama mjamzito anapotoa chokaa ya mifupa yake kumjengea mtoto, hutoa na risasi aliyoivuta alipokuwa msichana. Kwa mtoto mdogo hupunguza akili na uwezo wa kujifunza, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Polisi wa barabarani waliibeba sumu hii bila kujua. Kwa miongo mingi petroli ilitiwa risasi ili injini zisigonge, na askari aliyeongoza magari kwenye njia panda aliuvuta moshi wake zamu nzima. Mwaka 2001 mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara yalikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 2006 uuzaji wake ulikuwa umesimamishwa. Manufaa ya hatua hiyo yanajulikana: nchini Marekani, watoto wadogo walikuwa na wastani wa mikrogramu 15 za risasi katika kila desilita ya damu mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanzoni mwa miaka ya 1990, petroli ilipokwisha kusafishwa, wastani ulishuka chini ya 3. Basi adui huyu hushindwa akikatiwa njia.

Akiachiwa njia, hukaa. Mjini Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hadi 2014 ukutani mwa nyumba za watu wapatao 3,000. Moshi uliingia madirishani, maji yakapita uani, na wafanyakazi walirudi kwa watoto wao na vumbi katika nguo. Mwanamazingira Phyllis Omido aliongoza madai yao. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Hukumu ikatenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi Desemba 2024. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka kumi. Risasi iliyomo mifupani haikusikia hukumu yoyote. Na betri kuukuu zipo kila mji wenye magari, Bujumbura ikiwa mojawapo.

Sheria hazikukosekana. Baada ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia kugunduliwa Koko, nchini Nigeria, mwaka 1988, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha Mkataba wa Bamako mwaka 1991 kuzuia taka za namna hiyo kuingizwa barani. Tarehe 12 Juni 2003, mjini Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika, na makao ya Mamlaka ya Ziwa yakawekwa Bujumbura. Huko Buterere yalijengwa mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji.

Lakini mkataba haulindi mto. Mto hulindwa na mtu aliye macho. Lori linalomwaga mapipa usiku hupita kizuizini kwa polisi. Dawa za shambani zilizopigwa marufuku hupita mpakani mbele ya askari. Fundi anayepasua betri uani na kumwaga tindikali mferejini ana jirani mwenye watoto, na jirani huyo huenda ni koplo. Askari atokaye kwenye uwanja wa shabaha na mikono yenye vumbi la risasi akanawe na kubadili nguo kabla ya kumbeba mwanawe. Pipa lililokuwa na dawa ya pamba lisiwekwe maji ya kunywa, hata likisuguliwa mara saba.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha sumu hujazwa vivyo hivyo. Yule anayekula samaki wa ziwa leo, na mtoto atakayezaliwa na bintiye, wote wananywea katika chombo kimoja. Kuzuia pipa moja lisifike Ntahangwa ni ulinzi wa taifa, hata kama hapatapigwa tarumbeta wala kuvishwa nishani.