Kipanya ndani ya Vim na nano: namna ya kukiwasha, na namna ya kunakili kisipokubali

Watu wanaochunga saiti ao seriva wakiwa mbali wanajua terminali: lile dirisha jeusi ambamo kila kitu kinaandikwa kwa klavie. Ndani yake kuko programu za kurekebisha maandishi, kama Vim na nano. Zinapendwa juu ni nyepesi. Kwenye ordinatere ya zamani zinafunguka mara moja, na konekshio ikiwa ndogo bado zinafanya kazi, kwa sababu kinachopita njiani ni herufi, hapana picha.

Shida inayokuja mapema ni ya kipanya, kile wengi huku wanaita suri. Mtu anabofya katikati ya maandishi, kialama cha kuandikia hakisogee. Anafikiri programu imeharibika. Haijaharibika, kipanya hakijawashwa tu.

Kipanya kina bwana mmoja

Terminali na programu iliyo ndani yake ni vitu viwili. Kwa kawaida, terminali ndiyo inashika kipanya: mtu akikivuta juu ya maandishi, terminali inayapaka rangi ili ayanakili. Programu ya ndani haipate habari yoyote. Kuwasha kipanya maana yake ni programu kuomba terminali iitumie kila mbofyo. Terminali inageuza mbofyo kuwa herufi maalum, kisha inazituma kwa njia ile ile ya herufi za klavie. Ndiyo sababu kipanya kinaweza kufanya kazi hata ndani ya seriva iliyo mbali, kupitia SSH.

Ndani ya Vim

Mtumiaji anabonyeza Esc, anaandika amri hii, kisha Enter:

:set mouse=a

Herufi a inawasha kipanya katika hali zote. Anayetaka hali fulani tu anaweka n kwa hali ya kawaida, v kwa kuchagua maandishi, i kwa kuandika. Kwa kuzima: :set mouse= bila kitu nyuma. Kwa kujua kama kimewashwa: :set mouse?

Amri hiyo inaisha Vim ikifungwa. Ili ibaki, mstari set mouse=a unaandikwa, bila nukta mbili za mbele, katika fishie yenye jina .vimrc ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe.

Hapo kuko mtego. Tangu Vim 8.0, iliyotoka 2016, mtu asiye na .vimrc anapewa mipangilio ya kuanzia, na mara nyingi inawasha kipanya. Siku anapotengeneza .vimrc yake, hata yenye mstari mmoja, mipangilio ile haisomwe tena. Kipanya kinazimika, na yeye hajui kwa nini. Dawa ni kuongeza mstari ule ule, set mouse=a. Katika Neovim kipanya kimewashwa chenyewe tangu toleo 0.8 la 2022.

Kama mibofyo inakubali upande wa kushoto wa skrini pana lakini inakataa kuliani kabisa, ni kwa sababu ile njia ya zamani ya kutuma mibofyo inaishia safu ya 223. Katika Vim, mstari set ttymouse=sgr unaondoa kizuizi hicho kwenye terminali nyingi za sasa.

Ndani ya nano na tmux

Katika nano, Alt na M pamoja vinawasha ao kuzima kipanya. Kwa kukiweka daima, mstari set mouse unaingia katika .nanorc. Mtu anaweza hata kubofya amri zilizoandikwa chini ya skrini.

Anayetumia tmux akumbuke kwamba yenyewe ndiyo inapokea kipanya kwanza. Anaweka set -g mouse on katika .tmux.conf.

Pale kunakili kunakataa

Hii ndiyo inasumbua watu zaidi. Fundi anataka kunakili mstari wa kosa kutoka seriva, amtumie mwenzake kwa WhatsApp. Anavuta kipanya, rangi inaonekana, lakini akibandika, hakuna kitu, ao linatoka neno la jana. Maandishi yamechaguliwa ndani ya Vim, kule kwenye seriva. Hayajafika katika ordinatere iliyo mbele yake.

Suluhisho ni kushika Shift wakati wa kuvuta. Kwenye terminali nyingi za Linux, Shift inarudisha kipanya kwa terminali kwa muda huo tu, na kunakili kunaenda kama kawaida. Kwenye iTerm2 ya Mac ni Option. Kama namba za mistari zinanakiliwa pia, :set nonumber inaziondoa kwanza. Kazi ikiwa ndefu, ni rahisi zaidi kuzima kipanya, kunakili yote, kisha kukiwasha tena.

Kwenye seriva inayotumiwa na wengi, mpangilio huu uwekwe katika fishie ya mtu mwenyewe, hapana katika ile ya wote iliyo ndani ya /etc. Vinginevyo, mwenzake ataamka kesho na kukuta kunakili kumekataa, bila kujua nani alibadilisha.

Vim na Uganda

Kwa miaka mingi, anayefungua Vim bila fishie anaona ujumbe wa kusaidia watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991 na kufariki 2023, alijitolea kufanya kazi ya maji na usafi huko Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994. Programu ni ya bure. Anayeweza aliombwa achangie watoto wa pale. Habari yenyewe inafunguka kwa :help uganda, na kipanya kikiwashwa, gurudumu lake linatosha kuisoma hadi mwisho.