Ng'ambo na Swali la Makazi

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini tangazo lililouondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Tangazo hilo hukumbukwa kwa kifungu chake cha uhuru, na ni haki likumbukwe. Lakini ndani yake kulikuwamo sharti jengine lisilotajwa sana. Mtu aliyetambuliwa na mahakama kuwa huru alilazimika kuonesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki. La sivyo, angehesabiwa kuwa mzururaji. Mtumwa aliyekwenda kudai uhuru wake aliulizwa swali ambalo bwana wake hakuulizwa: unakaa wapi?

Swali hilo lilikuwa zito. Wengi wao walikuwa wameletwa kutoka mbali, Unyasa, Uyao na Manyema; hawakuwa na kijiji cha kurejea wala mjomba wa kuwapokea. Waliobakia mashambani walikaa kwa ridhaa ya mwenye shamba, na ridhaa hiyo ililipwa kwa kazi. Haishangazi basi kwamba si wengi waliokimbilia mahakamani. Waliotaka kujitegemea walishika njia ya mjini, na huko pahala pao hapakuwa kwenye majumba ya mawe ya Mji Mkongwe, bali ng'ambo ya pili ya hori. Hori lenyewe lilikwishafukiwa zamani. Jina la Darajani ndilo lililobakia kuwa shahidi wa maji yaliyokuwapo.

Sehemu kubwa ya ardhi ya Ng'ambo ilikuwa na wenyewe, watu wenye nafasi. Baadhi yao waliwaachia watumwa wao, mahuru wao na wafuasi wao wajenge humo; wengine waliiweka wakfu, wakitaraji malipo ya Akhera. Hivyo ikawa ada: ardhi ni ya fulani, lakini nyumba ni ya aliyeijenga. Nyumba zenyewe zilikuwa za miti, fito, udongo na makuti, na nyumba ya udongo haikandikwi kwa mkono mmoja. Aliyekuja jana alisaidiwa na aliyekuja juzi. Alipokwisha kuezeka alikuwa na mlango, na alikuwa na watu wa kumjua kwa jina. Sheria ilidai makazi. Ujirani ndio ulioyatoa.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mtoto wa wazee waliotoka utumwani, naye aliingia mjini mnamo mwaka 1911, akiwa mtu wa kuuza vyungu. Sauti iliyokuja kusikika hadi Bombay, aliporikodi santuri zake mwaka 1928, ilikulia katika mitaa hiyo ya Ng'ambo iliyojengwa na watu wasiokuwa na kwao.

Mwaka huohuo wa 1928 ada ile ilitiwa mtihanini. Katika miaka ya 1920 wenye viwanja walikuwa wameanza kudai kodi na kuipandisha, na asiyelipa alitishwa kuondoshwa. Wakaazi wa Ng'ambo, wanaume kwa wanawake, walikataa kulipa. Hawakuwa wakiomba sadaka. Hoja yao ilikuwa kwamba ardhi waliyopewa ili wakae haiwezi kugeuzwa biashara juu ya vichwa vyao. Baadhi yao walipokamatwa, umati uliwatoa kwa nguvu mikononi mwa serikali. Hatimaye watawala wa Kiingereza walilazimika kuwazuia wenye viwanja wasipandishe kodi ovyo. Watu ambao miaka 31 kabla walitakiwa wathibitishe kwamba wana pa kukaa, sasa walisimama pamoja ili asiwepo jirani atakayetolewa nje.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na majumba marefu ya Michenzani yakajengwa katikati ya Ng'ambo. Kuna waliopata makazi bora, na kuna waliobomolewa nyumba zao na kutawanywa na majirani zao. Paa jipya halikuja siku zote na kiambo chake.

Leo wako wanaolala barazani na kwenye vizingiti vya maduka yaliyofungwa: kijana aliyefukuzwa kwao, mgonjwa wa akili, mama aliyeachwa. Jina wanalopewa kwa wepesi ni lilelile la tangazo la 1897: wazururaji. Anayelitamka huenda hajui kwamba bibi yake mzaa bibi aliponea chupuchupu kuitwa hivyo, na kwamba kilichomwokoa ni mtu wa nyumba ya pili aliyesogea kidogo, akampisha pa kusimamisha nguzo. Swali la kumuuliza aliyelala barazani bado ni lile la hakimu, unakaa wapi? Tofauti ni kwamba hakimu aliuliza ili amhukumu. Jirani huuliza kwa kuwa jawabu lake yeye mwenyewe ni sehemu yake.