Safari Rally: kutoka milima ya Taita hadi kwenye gemu

Mashindano yanayojulikana leo kama Safari Rally yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia ilipoelekea Pwani, mara nyingi magari yalipita nchi ya Taita, na hapo dereva alikabidhiwa barabara mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni uwanda wa Voi, ulio chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, wenye vumbi jekundu la Tsavo linalowapaka rangi hata ndovu. Ya pili ni milima, ambako kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Ukitoka Mwatate kwenda Wundanyi, barabara hujikunja kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Gari lililorekebishwa kwa kasi ya uwandani lilifika huku breki zikiwa moto, na lililorekebishwa kwa milima lilikuwa limeshaachwa nyuma kule chini.

Barabara hizo hazikufungwa. Matatu, lori la mkonge, ng'ombe na swara walikuwa na haki ya kupita kama kawaida, na ndiyo maana magari ya Safari yalifungwa vyuma vizito mbele, taa za ziada na bomba refu la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya paa ili injini isinywe maji kwenye mito. Timu tajiri baadaye zilirusha helikopta mbele ya gari kumwonya dereva kwa redio. Mvua za Pasaka zilimaliza kazi iliyobaki: mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho.

Mabishano ya mashabiki yalitokana na hali hiyo. Mtu wa Voi aliona gari likipita kwa sekunde chache, kisha akategemea redio na gazeti la kesho yake kujua limefikia wapi. Aliyeshuhudia gari likibingirika kwenye kona hakuwa na picha ya kumwonyesha mwenzake. Alikuwa na maneno yake tu, na hadithi ilikua kila iliposimuliwa. Swali lililorudi kila mwaka lilikuwa kama mgeni anaweza kumshinda mwenyeji. Hannu Mikkola wa Ufini alilijibu mwaka 1972, alipokuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, akiendesha Ford Escort. Wenyeji nao hawakunyamaza: Joginder Singh alishinda mara tatu, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mara tano.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, waandaaji walikuwa wamebaki na nchi moja, na kilomita zao zote ilibidi zipatikane humohumo. Hata hivyo urefu wa mashindano haukudumu. Mwaka 2002, mara ya mwisho Safari ilipokuwa kwenye ubingwa wa dunia kabla ya kuondolewa, sehemu za kushindania bado zilizidi kilomita 1,000. Iliporejea mwaka 2021, zilikuwa karibu 320, nyingi zikiwa Naivasha, kwenye barabara zilizofungwa. Taita haimo. Magari ya zamani ndiyo yaliyoendelea kupanda milima hiyo, kupitia mashindano ya kumbukumbu yaliyoanzishwa mwaka 2003.

Wakati huohuo gemu zilikuwa zikikua. Colin McRae, Mskoti aliyeshinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, ndiye aliyeipa jina lake gemu ya Colin McRae Rally. Toleo lake la pili, la mwaka 2000, lilikuwa na Kenya ndani yake. Richard Burns, mshindi wa 1998 na 2000, alitoa jina kwa Richard Burns Rally ya mwaka 2004, ambayo wachezaji wakali bado wanaisifu kwa jinsi gari linavyoteleza na kuvunjika kama la kweli. Kisha kikatokea kichekesho: gemu ya WRC 9 ilitoka mwaka 2020 ikiwa na Safari Rally, ilhali Safari yenyewe ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya Korona. Vijana walishindana Naivasha ya kioo kabla madereva hawajafika Naivasha ya vumbi.

Kwa hesabu ya kweli, gemu imeiga vizuri Safari mpya, na imeweza kwa sababu Safari mpya ilikuwa tayari imesogea karibu na gemu: barabara imefungwa, umbali ni mfupi, kila kona imo kwenye daftari la msaidizi wa dereva. Usukani unaotikisika mikononi huonyesha ukali wa mchanga na uzito wa gari kwa uaminifu mkubwa. Lakini hakuna anayekaa kwenye kibanda cha PlayStation siku nne mfululizo, na hakuna programu inayoleta lori la mkonge likija upande wa pili wa kona ya Mwatate.

Mabishano yenyewe yamebadilika pia. Kamera ndani ya gari huonyesha ajali kutoka kwenye kiti cha dereva, na anayebisha kwamba kona ile ingewezekana kupitwa kwa gia ya tatu anaweza kuwasha gemu na kujaribu. Akipinduka, anabonyeza kitufe na kuanza upya. Madereva waliokwama kwenye matope ya mwaka 1968 walisukuma magari yao kwa mabega, na wengi wao hawakufika.