Sigara Moja Moja: Tumbaku katika Mji wa Likasi

Tumbaku ilitoka Amerika ikaingia Afrika ya Kati kwa mkono wa Wareno wa pwani ya Angola. Kabla ya makampuni ya migodi, watu wa nchi ya shaba walikuwa wakiilima wenyewe, wakiivuta kwa kiko au kuinusa kama ugoro. Sigara ya karatasi ilikuja baadaye, enzi ya reli, ambayo ilifika mji wa Élisabethville, Katanga, nchini Kongo, mwaka 1910 ikitokea kusini. Mji wa Jadotville wa Katanga hiyohiyo, unaoitwa Likasi tangu 1966, ulikua kwa shaba ya kampuni ya migodi ya Union Minière. Mfanyakazi wa kampuni alipimiwa posho ya unga. Fedha kidogo ya mshahara ndiyo aliyojipangia mwenyewe.

Gécamines, mrithi wa kampuni hiyo, iliporomoka miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Katanga wakaachishwa kwa mpango ulioitwa, kwa kejeli isiyokusudiwa, wa kuondoka kwa hiari. Mfuko uliopungua hununua sigara moja moja. Kwenye sinia la mchuuzi pakiti iliyofunguliwa hukaa kati ya karanga na pipi, na kiberiti cha gesi kimefungwa uzi kisitembee. Mnunuzi huwasha papo hapo, huvuta hadi katikati, huizima, kisha kipisi hukaa nyuma ya sikio kikisubiri jioni.

Huko ni kupunguza sigara bila daktari, tena kwa mtu asiye na nia ya kuacha. Tatizo ni kwamba mwili hudai nikotini yake: mwenye sigara chache huvuta kwa nguvu zaidi na kuukalisha moshi kifuani. Moyo nao hauhesabu kama mfuko. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kuwa mwanamume anayevuta sigara 1 kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20.

Tiba ilichukua njia nyingine. Ubani wa kutafuna wenye nikotini ulibuniwa Sweden, wazo lake likiwa limetoka kwa mabaharia wa nyambizi waliokatazwa kuvuta. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa wasiotaka kuacha, wakipewa nikotini isiyo na moshi huku wakipunguza, huishia kuacha kabisa kwa wingi kuliko wasiopewa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza tiba hiyo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.

Kongo ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005. Kifungu cha 14 kinazitaka nchi kuwasaidia wavutaji kuacha. Cha 16 kinazihimiza kupiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja, kwa kuwa ndiyo bei anayoimudu mtoto. Ndiyo bei hiyohiyo anayoimudu mchimbaji wa Likasi.