Sambaza hawakuingia kwenye sahani zetu kwa wiki mbili

Hapa kwetu Murara, katika komini ya Karisimbi, neno "rejime" linasikika sana siku hizi. Mmoja anaacha bugali kabisa, mwingine anakunywa maji ya ndimu asubuhi na kulala na njaa. Nyumbani kwetu pia ilikuwa hivyo. Mama alipoambiwa ana presha na sukari imepanda, aliacha bugali, mafuta na chumvi siku moja. Siku ya kumi na mbili alikuwa anatetemeka kwa uchovu. Mwezi haujaisha, alirudilia sahani yake ya zamani. Nilipomuuliza alijibu: "Mwanangu, kile hakikuwa chakula, kilikuwa azabu."

Jibu lile lilinifanya nitazame namna mji wetu wenyewe ulivyojifunza kula. Mfano mzuri ni sambaza.

Zamani Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache za samaki. Katikati ya ziwa, kwenye maji marefu, hakukuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vya samaki wadogo wa aina mbili vilitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Aina moja tu ndiyo iliyoshika, nayo ndiyo sambaza wetu.

Lakini sambaza hawakujaa sokoni kesho yake. Ni mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo uvuvi wao ulipoanza kushika nguvu, ukisaidiwa na mradi wa FAO kule Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Wavuvi walizoea kufunga mitumbwi mitatu pamoja, kuwasha taa usiku na kuinua wavu samaki wanapokusanyika chini ya mwanga. Kutoka kumwagwa hadi kuvuliwa kwa wingi, ilipita karibu miaka 20.

Kwa nini sambaza walibaki? Hawakumfukuza mtu jikoni. Walikuta bugali, sombe na maharagi, wakakaa pembeni yao. Wanauzwa kwa fungu, hata mwenye pesa kidogo anapata. Wanakaushwa juani, wanawekwa. Wanaliwa wazima pamoja na mifupa, na mwili unapata kalsiamu.

Tena, desturi ya kula ya mtu wa Goma inapaswa kuvumilia mengi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Mwezi wa Mei 2021 tulikimbia tena. Mwaka 2024 vita vilifunga barabara ya Sake na Minova, vyakula vikawa vinakuja kwa mitumbwi hadi Kituku, na bei zikapanda. Rejime ya matunda ya dukani na vyakula vya kopo haiwezi kupita katika siku kama hizo.

Kwa hiyo mama alianza upya, safari hii na ushauri wa muuguzi. Dawa hakuacha. Bugali ilibaki, ila tonge lilipunguzwa. Mwezi wa kwanza aliongeza lenga-lenga na maharagi. Mwezi wa pili aliacha kumwaga mafuta kwa macho, akaanza kupima kwa kijiko. Mwezi wa tatu chumvi iliondoka mezani. Sambaza wa kukaanga wakawa wa mara moja kwa juma. Siku nyingine wanapikwa kwa nyanya na kitunguu.

Sasa ni mwezi wa nane. Presha imeshuka, sukari bado inafuatiliwa. Watoto wa nyumba nao wanakula sahani ileile, hakuna anayepikiwa peke yake.

Ndugu msomaji wa Murara, kama unataka kubadilisha chakula chako, anza na kitu kimoja ambacho utaweza kukila hata mwaka ujao, hata barabara ikifungwa. Na kama una presha au sukari, ongea kwanza na muganga wako.