Taa Inayojua Giza Limeingia

Rapsu, kusini mwa Isiolo, jua halisumbui mtu na ratiba. Ikweta iko karibu, kwa hivyo mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Ukiweka taima kwenye taa ya boma Januari, Agosti bado itawaka kwa wakati.

Stockholm ni stori nyingine. Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, Juni linangoja hadi saa nne usiku. Taima ya huko ingechanganyikiwa. Labda ndiyo maana aliyeifunza taa kujiwasha alikuwa Mswidi. Mwaka 1907 Gustaf Dalén alitengeneza vali ya jua kwa minara ya kuongoza meli, iliyotumia gesi. Ilikuwa na ufito mmoja mweusi, umezungukwa na mitatu inayong'aa. Mchana ule mweusi unafyonza mwanga, unapata moto, unarefuka na kubana gesi. Jioni unapoa, unafupika, gesi inapita, taa inawaka. Bila umeme, bila mlinzi! Mwaka 1912 alipewa Nobel ya fizikia. Mwaka huohuo mlipuko wa gesi ulimpofusha.

Siku hizi kazi ya ule ufito inafanywa na kijidude kidogo kama kifungo cha shati: kwenye mwanga kinapitisha umeme kwa urahisi, gizani kinauzuia. (Mimi niliacha chuo, lakini hicho kipindi nilihudhuria.)

Sasa, Rapsu wanafuga, na Mbuga ya Meru ni jirani. Simba hutoka usiku. Kijana aliyebadilisha hesabu hiyo ni Richard Turere wa Kitengela, karibu na Mbuga ya Nairobi. Alijaribu moto, kumbe unawasaidia simba kuona ng'ombe. Akasimamisha sanamu, siku ya pili simba wakaizoea. Halafu akagundua wanaogopa tochi inayotembea. Akiwa na miaka 11 akaunganisha betri ya gari, sola, balbu za tochi mbovu na kile kiboksi cha indiketa ya pikipiki. Taa zikamweka-mweka kama mtu anayezunguka boma, yeye akiwa kitandani. Mwaka 2013 alisimulia hayo kwenye jukwaa la TED.

Lakini taa zake zilikuwa na swichi. Lazima mtu akumbuke, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto aliyechunga mchana kutwa. Taima ingemwachilia, ila Novemba mawingu ya mvua yakifunga, giza linaingia mapema na taima bado inangoja saa yake. Simba hana saa. Betri ikiisha, taima nyingi zinapoteza wakati: taa inawaka mchana, usiku haina chaji.

Mimi ningefunga kihisi mwanga. Ila kitazame mbali na balbu bana, la sivyo taa ikiwaka kinadhani kumekucha, kinaizima, kinaiwasha tena, hadi asubuhi.